Jibu: Mfano wa tanki kwa skeli 1:10, USINUNUE BATI

Mwalimu, simamisha kwanza hiyo safari ya kwa fundi. Umeandika kwamba kidato cha tatu wanabuni tanki la maji ya mvua la lita 5,000, na mfano wao wa skeli 1:10 utabeba lita 500. Hapana. Ni lita 5. Tano!

Skeli inagawa urefu, haigawi lita. Kipenyo kikigawanywa kwa 10 na kimo kwa 10, eneo la bati linapungua mara 100 na ujazo mara 1,000. Chukua tanki lenye nusu kipenyo mita 1 na kimo mita 1.59: linaingiza lita 5,000 hivi. Mfano wake ni nusu kipenyo sentimita 10, kimo sentimita 15.9. Ubavu, kitako na mfuniko vyote vinatoka kwenye manila moja kubwa na gundi.

Sisi tuliharibiwa na mwezeshaji mmoja wa semina aliyetuambia "kila kitu gawa kwa kumi", akakunja laptopu yake akaondoka. Michango ya wazazi ikaishia kwenye bati. Fundi aliambiwa lita 500, akatengeneza lita 500 kweli, mtoto wa kidato cha kwanza angechuchumaa humo na mfuniko ukafunga! Wanafunzi walipopima kwa tepu wakapata nusu kipenyo sentimita 46, mchoro unasema 10. Ile ilikuwa karibu skeli ya 1:2. Bati lingeuzika, sawa, ila kinachoniuma mpaka leo ni wale waliochora sahihi tangu mwanzo. Hao ndio tuliowaambia wafute, warudie. Mmoja alikuwa ameshaandika lita 5 kwenye daftari.

Kwa hiyo hela isitoke kabla ya manila. Kila kundi likunje mfano wake wa karatasi, liujaze mchanga mkavu, liumimine kwenye chupa za maji za lita moja na kuhesabu. Zikijaa tano, ndipo watajua 1,000 imetoka wapi. Hesabu ya paa ije baadaye: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hiyo haiwasumbui.

Makundi yawe ya wanne. Leo weka hapa nusu kipenyo na kimo vya mfano wenu, tuvikokotoe pamoja kabla hujamlipa fundi.