Hifadhi ya macho: nani anawinda macho hayo?

SWALI: Nimesoma makala ya teknolojia yenye sentensi hii: "Watafiti wamefanikiwa kuchoma data nyingi ndani ya hifadhi ya macho ya hologramu." Rafiki yangu anasema kuchoma ni kuteketeza kwa moto, kwa hiyo tuseme kuandika. Mimi naona kuchoma hakuna kosa, mbona CD tunachoma? Nani yuko sahihi?

JIBU: Mmekanyaga nyoka, mkabaki mnagombania mjusi. Kuchoma tutakuja kukuamua, lakini inakuwaje wasomaji wawili wazima wapite juu ya "hifadhi ya macho" bila hata kujikwaa?

Asiyejua Kiingereza akikutana na maneno hayo ana haki ya kudhani ni eneo lililotengwa, lenye lango na askari, ambamo macho yanalindwa yasiwindwe. Ndivyo tunavyosema: hifadhi ya wanyama, hifadhi ya misitu. Ndugu zake ni wabaya zaidi. "Diski ya macho" inasikika kama kitu ambacho daktari angekubandika kwenye mboni, kisha akuambie usifumbue mpaka kesho. Na "nyuzi za macho", zile zinazopitisha intaneti, zinanikumbusha wodi ya upasuaji: mgonjwa kashonwa nyuzi ngapi? Sita, za macho.

Chanzo chake kinajulikana. Kiingereza husema optical storage, yaani kuhifadhi data kwa kutumia mwanga, na neno la Kigiriki optikos, lililozaa optical, lilihusu kuona, kwa sababu wahenga wa huko walianza kuchunguza mwanga kwa kuuliza jicho linaonaje. Baadaye jicho likatoka katika hadithi, jina likabaki kwenye tawi zima la fizikia linaloshughulikia mwanga. Mfasiri, ambaye siku hizi mara nyingi ni mashine, akaiona maana ya kwanza katika kamusi, akaichukua, akaondoka.

Haya, tuifungue mashine ya CD tulitafute hilo jicho. Kuna leza ndogo inayotoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. Huo ni mwanga wa infraredi, ng'ambo ya wekundu, na jicho la binadamu karibu haliuoni kabisa. Kwa hiyo chombo kinachoitwa "cha macho" kinafanya kazi kwa mwanga ambao macho yameshindwa nao! Mwale huo unakusanywa na lenzi, unapenya plastiki ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2, unagonga tabaka jembamba la alumini na kurudi ulikotoka. Data zimo katika vishimo vidogo vilivyofuatana kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na kati ya mzingo na mzingo jirani ni maikromita 1.6 tu. Kina cha kishimo kimekaribia robo ya urefu wa wimbi ndani ya plastiki, ambamo wimbi hufupika hadi kama nanomita 500. Mwanga uliogonga kishimo na ule uliogonga uwanda wa kando hutofautiana safari, kwenda na kurudi, kwa nusu wimbi. Kilele cha huyu kinakutana na bonde la yule, vinauana, na fotodayodi, kihisi kinachopokea mwanga, inaona umefifia.

(Nikiwa hapohapo: acheni kuandika kwamba kishimo ni 0 na uwanda ni 1. Alama ya 1 ni ukingo, pale mwanga unapobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Muda wa kutobadilika ndio unaohesabiwa kuwa 0, iwe ni ndani ya kishimo au juu ya uwanda.)

Jicho liko wapi? Tumeona leza, lenzi, alumini na fotodayodi. Wahandisi walipotaka nafasi kubwa zaidi hawakutafuta macho makali zaidi, walitafuta mwanga wa wimbi fupi zaidi. DVD ikatumia nanomita 650, mizingo ikasogezwa hadi maikromita 0.74, tabaka moja likabeba gigabaiti 4.7. Blu-ray ikaenda kwenye urujuani wa nanomita 405, mizingo ikafika maikromita 0.32, na tabaka moja likabeba gigabaiti 25. Mambo yote hapo ni ya mwanga, na Kiswahili kina njia yake ya kulisema hilo: jiko la mkaa, taa ya mafuta, umeme wa jua. Kitumikacho ndicho kinachofuata -a. Basi semeni diski ya mwanga, au diski ya leza. Ila msiseme "hifadhi ya mwanga", maana hapo tutadhani mnahifadhi mwanga wenyewe kama maji ya mvua. Hapo panahitaji kwa: uhifadhi wa data kwa mwanga. Anayetaka neno la darasani ana optiki. Ni geni, lakini halimdanganyi mtu.

Sasa mjusi.

Rafiki yako anasahau kuwa kuchoma kwetu si moto peke yake. Mwiba unachoma, sindano inachoma, jua linachoma, na maneno ya wifi yanachoma kuliko vyote. Kiingereza kilipotuletea wazo la kuchoma CD, tulilipa neno bora kuliko lile lililokuja nalo. Katika CD tupu ya kurekodia kuna tabaka la rangi ya kikaboni juu ya mfuo uliochongwa kiwandani. Leza ikiongezewa nguvu hulipasha doa dogo la rangi hiyo hadi livunjike kikemikali na kuacha alama isiyofutika. Kuna joto na kuna kudunga, kwa hiyo neno limetimia. Udhaifu wake nao unatokana na rangi hiyohiyo: CD ya namna hii ikiachwa juani, rangi hupauka na data huondoka bila kuaga. Na ikikwaruzwa, usiogope sana upande unaong'aa, ambao unaweza kusuguliwa ukapona. Ogopa upande wa maandishi, kwa sababu tabaka linaloakisi liko hapo juu, limefunikwa na vanishi nyembamba tu.

CD ya dukani yenye nyimbo haikuchomwa. Polikaboneti moto ilisukumwa kwenye kalibu yenye bamba la nikeli lililobeba umbo la vishimo, kwa hiyo hiyo imepigwa chapa. Ile ya kuandikwa na kufutwa hutumia aloi inayoyeyushwa na kupoa ghafla ikapoteza mpangilio wa fuwele, kisha hupashwa kiasi ili irudi ilivyokuwa. Huko nako wanasema kuchoma, nami nimechoka kupinga.

Nisichokubali ni kuacha kitenzi hiki kikitembea uchi, bila chombo. "Amechoma picha zote za harusi." Ndoa imedumu au imevunjika? Tuwapelekee pongezi au wazee wa kusuluhisha? Ongeza "kwenye CD" na nyumba inatulia.

Katika hologramu ya kuhifadhia data, lakini, hakuna kinachoungua, na hapo rafiki yako anashinda. Dennis Gabor, aliyebuni holografia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971, aliunda jina kutokana na Kigiriki: holos ni nzima, gramma ni andiko. Kuandika kumo ndani ya jina lenyewe. Kazi yenyewe huanza kwa kuugawa mwale wa leza mara mbili. Mmoja hupitia kibao cha pikseli za giza na mwanga, tuseme 1,000 kwa 1,000, ukabeba ukurasa wa biti milioni moja kwa mpigo. Wa pili, mwale rejea, haubebi kitu. Miale hiyo ikikutana ndani ya fotopolima, yaani plastiki inayobadilika ikimulikwa, hufanya michirizi ya mwanga na giza. Penye mwanga molekuli huungana kuwa minyororo, penye giza hazifanyi hivyo, na tofauti hiyo ndiyo kumbukumbu. Ukitaka kusoma, peleka mwale rejea peke yake kwa pembe ileile na rangi ileile, ukurasa mzima utajitokeza. Geuza pembe kwa sehemu ndogo ya digrii, utaandika ukurasa mwingine palepale pa kwanza.

Kinachosumbua ni kwamba fotopolima husinyaa inapoungana. Michirizi ikijisogeza, pembe ya kuandikia haiwi tena pembe ya kusomea. Joto likibadilika, vivyo hivyo. Mtikisiko mdogo kuliko wimbi moja wakati wa kuandika huifuta michirizi kabla haijakaa. Na mwishoni diski yote lazima imulikwe ili molekuli zilizosalia ziishe, la sivyo mwanga wa kusomea utaanza kuandika upuuzi. Kampuni ya InPhase, iliyozaliwa katika maabara ya utafiti ya Bell Labs ya Marekani mwaka 2000, ilitangaza diski ya gigabaiti 300 kwa njia hii, na soko halikuipokea.

Sentensi yenu basi iwe: "Watafiti wamefanikiwa kuandika data nyingi ndani ya diski ya hologramu." Macho nimeyatoa na maana haikupungua hata chembe, kwa kuwa hologramu bila mwanga haipo.

Kama makala ile ilikuwa inazungumzia kioo cha kwatzi, kama kile ambacho Microsoft mwaka 2019 ilikiwekea filamu nzima ya gigabaiti 75.6 katika kipande cha milimita 75 kwa 75 chenye unene wa milimita 2, basi ni jambo jingine. Huko leza hupiga mipigo mifupi mno na kuacha makovu ndani ya kioo, tabaka juu ya tabaka. Hicho si hologramu, na hapo unaruhusiwa kuchoma.