Ubingwa wa Magonjwa ya Moyo Ujerumani: Daktari Aliyesomea Tanzania Aanzie Wapi?

SWALI: Mimi ni daktari niliyehitimu shahada ya udaktari wa tiba Muhimbili. Nimemaliza utarajali, nimesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na sasa nafanya kazi katika hospitali ya wilaya. Nataka kwenda Ujerumani kusomea ubingwa wa magonjwa ya moyo. Je, niombe nafasi katika chuo gani? Ada ni kiasi gani? Kijerumani cha ngazi ya B2 (ya nne kati ya ngazi sita za kupimia lugha) kinatosha? Na nikirudi nyumbani, ubingwa huo utatambuliwa? (Daktari, Geita)

JIBU: Daktari mwenzangu, nianze na suala la chuo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaoniuliza hupoteza miezi mingi wakiandikia vyuo vikuu ambavyo haviwezi kuwasaidia. Ujerumani, ubingwa hausomewi chuoni kama MMed ya kwetu, yaani shahada ya uzamili ya udaktari. Hakuna udahili na hakuna ada ya masomo. Daktari huajiriwa na hospitali, hulipwa mshahara, hufanya kazi chini ya bingwa aliyepewa kibali cha kufundisha, na baada ya kutimiza muda na kazi zilizowekwa hutahiniwa na chemba ya madaktari ya eneo lake, yaani chombo cha kitaaluma kinachowasimamia madaktari. Chemba hizo ni 17 katika majimbo 16, kwa kuwa jimbo la Nordrhein-Westfalen lina mbili. Mshahara wa mwaka wa kwanza katika hospitali za umma kwa kawaida huzidi yuro 5,000 kwa mwezi kabla ya kodi na michango ya bima. Barua utakayoandika, basi, ni ya kuomba kazi, na utamwandikia mkuu wa idara ya hospitali.

Hata hivyo, mkuu huyo hawezi kukuajiri kama daktari mpaka uwe na leseni. Leseni kamili huitwa Approbation. Haina ukomo wa muda na inatumika nchi nzima. Ipo pia leseni ya muda, Berufserlaubnis, ambayo kwa kawaida haizidi miaka 2. Ukipewa hiyo ya muda, iulize chemba kwa maandishi kama kazi utakayoifanya kwa leseni hiyo itahesabiwa katika miaka yako ya ubingwa, na uulize kabla hujasaini mkataba.

Leseni hutolewa na ofisi ya jimbo, si na serikali kuu. Chagua jimbo moja unalokusudia kufanyia kazi, upeleke maombi huko tu. Kutuma maombi katika majimbo kadhaa kwa wakati mmoja hakuharakishi jambo, kwani fomu zenyewe hukutaka ueleze kama umeomba kwingine. Utahitaji shahada na matokeo ya masomo yote, cheti cha utarajali, usajili wa Baraza pamoja na barua ya Baraza ya kuthibitisha kwamba huna shauri la kinidhamu, hati ya polisi na cheti cha afya. Vyote vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa. Barua ya Baraza na hati ya polisi zisichukuliwe mapema mno, kwa sababu ofisi hutaka hati zilizotolewa karibuni, na nimeona maombi mazuri yakirudishwa kwa sababu hiyo peke yake.

Baada ya hapo ofisi hulinganisha masomo yako na ya Mjerumani aliyesoma miaka 6, somo kwa somo. Kwa aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya, ulinganisho huo mara nyingi huonyesha mapungufu ambayo ofisi huyaona kuwa makubwa, na hapo utatakiwa kufanya mtihani wa maarifa, yaani Kenntnisprüfung. Huu ni mtihani wa mdomo na vitendo: unakabidhiwa mgonjwa, unamhoji na kumpima, kisha unajibu maswali ya jopo. Msingi wake ni magonjwa ya ndani na upasuaji, pamoja na tiba ya dharura, famakolojia, picha za uchunguzi, kinga dhidi ya mionzi na sheria za kazi ya udaktari. Ukishindwa unaruhusiwa kurudia mara mbili. Katika majimbo kadhaa mwombaji anaweza kuachana na ulinganisho wa nyaraka na kuomba mtihani moja kwa moja. Kwa mtu wa Muhimbili ningeshauri njia hiyo: kitabibu una uwezo wa kuufaulu mtihani, ilhali ulinganisho wa nyaraka unaweza kukuweka ukingoja muda mrefu ili tu upewe jibu lile lile.

Sasa lugha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kila kitu. B2 haitoshi. Tangu mwaka 2014 mawaziri wa afya wa majimbo walikubaliana kwamba daktari awe na B2 ya lugha ya kawaida na, juu yake, afaulu mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1 (ngazi inayofuata B2), unaoitwa Fachsprachprüfung. Mtihani huo huchukua dakika 60 katika sehemu tatu za dakika 20. Kwanza unamhoji mtu anayeigiza mgonjwa. Anaongea haraka, pengine kwa lafudhi ya kijijini, na anataja ugonjwa wake kwa majina ya mtaani, kama mgonjwa wetu anavyosema ana presha na sukari. Lazima umwelewe, umwulize kuhusu dawa na kipimo chake, mzio, upasuaji wa zamani, sigara na magonjwa ya ukoo, na umjibu kwa lugha anayoielewa, tena kwa utu, kwa sababu akikuambia anaogopa kufa nawe ukaruka kwenda swali linalofuata, watahini wataona. Kisha unaandika ripoti ya mgonjwa. Mwisho unamweleza bingwa kisa chote kwa istilahi za kitaalamu, naye anakukatiza kwa maswali.

Wanaoanguka hapa ni madaktari wazuri waliojifunza Kijerumani kwa kusoma zaidi kuliko kwa kusema. Anza sasa, ukiwa bado kazini. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, ya Dar es Salaam hufundisha na kutahini, na ya Nairobi vilevile. Ukifika B2, tafuta mwenzako wa kuigiza naye mgonjwa na daktari kwa sauti kila siku, na andika ripoti ukijipimia muda kwa saa. Ukipata nafasi ya kwenda hospitali ya Ujerumani kama mtazamaji kwa wiki chache, ichukue, ingawa haina malipo; kumsikiliza daktari mwenzako akikabidhi wagonjwa asubuhi kutakufundisha usemi ambao kitabu hakina. Na wakala atakayekuahidi leseni bila mtihani wa lugha, usimpe hata shilingi.

Ukishapata leseni ndipo uchague hospitali kwa makini. Ubingwa wa magonjwa ya ndani na moyo, ambao kule ni njia moja, unahitaji angalau miezi 72. Si kila mkuu wa idara ana kibali cha kufundisha muda wote huo. Mwingine anacho cha miezi michache tu, na baada ya hapo itakubidi uhame. Katika usaili uliza bila woga: kibali chako ni cha miezi mingapi, na zamu za chumba cha wagonjwa mahututi na za kupitisha mirija kwenye mishipa ya moyo zinagawanywaje? Nimewaona wageni wakibakizwa wodini kuandika ripoti huku wenzao wakiingia kwenye taratibu hizo, na bila idadi inayotakiwa katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, chemba haitakuruhusu kufanya mtihani wa mwisho.

Kuhusu kurudi, elewa kwamba utakachopewa ni cheti cha chemba na si shahada ya chuo kikuu. Kwa kutibu wagonjwa, Baraza ndilo litakalopima mafunzo yako na kuamua kama likusajili kuwa bingwa. Kwa kufundisha chuoni, ambako ngazi hupangwa kwa shahada, cheti hicho peke yake kinaweza kukuletea ugumu. Kama lengo lako kuu ni kufundisha, pima kwa dhati njia ya nyumbani: MMed ya magonjwa ya ndani Muhimbili kwa miaka 3, kisha ubingwa bobezi wa moyo, ukiwa karibu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na wagonjwa wenye magonjwa ya valvu yatokanayo na homa ya baridi yabisi, ambao Ujerumani utawaona kwa nadra. Kama lengo ni kutibu, Ujerumani itakufunza vizuri. Kwa vyovyote, liandikie Baraza kabla ya kuondoka, ueleze mafunzo unayokusudia na uombe maelezo ya nyaraka watakazozihitaji, na kila mwaka ukiwa huko hifadhi nakala zilizosainiwa za kitabu chako cha kumbukumbu, hasa unapohama hospitali, kwa sababu kumpata mkuu wa zamani asaini baada ya miaka 4 ni kazi ngumu.