Ukikutana na neno "impecunious" usikimbilie kuandika mufilisi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutafsiri nyaraka za mahakama, najua mpo wengi maana tangu sheria ibadilishwe 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama hapa Tanzania kazi zimeongezeka na wengine mmeingia bila mtu wa kuwashika mkono. Leo nawaelezea neno moja tu, impecunious. Linatamkwa im-pi-KYU-nias, mkazo upo hapo kwenye kyu. Ukilitafuta haraka haraka utapewa "maskini" na hapo ndo shida inapoanzia.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa hati ya kiapo ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, alikuwa anaomba asamehewe ada ya kufungua kesi ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Wakili alishaandika kwa Kiingereza kwamba mwombaji ni impecunious, mi nikaweka "mwombaji ni mufilisi" nikaona nimemaliza. Nikaanza kumsomea kabla hajasaini, nilipofika hapo akanisimamisha, akafuta mikono kwenye khanga afu akaniambia, mwanangu hapo umeandika nini, mi sijafilisika, sidaiwi na mtu hata shilingi, hela tu ndo sina.

Ile kauli ndo maana halisi ya neno na sijaisahau mpaka leo. Mufilisi kisheria ni mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa madeni yamemshinda, na kuna mambo anazuiwa, mfano hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni mpaka mahakama imruhusu. Sasa mimi nilikuwa namwapisha yule mama kwa jambo ambalo halipo! Impecunious haisemi chochote kuhusu madeni, inasema mfukoni hamna kitu basi. Tukafuta tukaandika "mwombaji hana uwezo wa kifedha wa kulipa ada", akataka nimsomee mara mbili ndo akasaini.

Mzizi wake ukiujua hutalisahau. Pecunia ni pesa kwa Kilatini, na pecunia yenyewe imetoka kwenye pecus, yaani mifugo, hio im ya mbele ndo "asiye na". Sisi tuliokulia Usukumani hatuhitaji kuelezwa sana hapo, mtu asiye na ng'ombe hesabu yake ilikuwa inajulikana. Na ndugu yake mnakutana naye kila siku ofisini, pecuniary, ile ya mamlaka ya kifedha ya mahakama, kwa hiyo ukiona pecun popote jua ni habari ya hela.

Kwa Kiswahili neno linalokaa karibu nalo kabisa ni ukata, lile waandishi wa michezo wanalotumia timu ikikosa nauli ya kwenda mechi ya ugenini. Fukara na hohehahe ni nzito mno, zinamshika mtu maisha yake yote, wakati impecunious mtu anaweza kuwa nayo mwezi huu na mwakani ikaondoka. Kuchacha na kufulia maana zinafika ila ni za kijiweni, usizipeleke kwa hakimu.

Msiichanganye na penurious tafadhali, zinafanana kwa sauti ila ile inaweza kumaanisha maskini na inaweza kumaanisha bahili, soma sentensi nzima ndo uamue. Pauper, yaani maskini, nayo mtaikuta kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 33, ni neno la zamani na linadhalilisha kidogo kwa maoni yangu, Wahindi ambao sheria yetu imetokana na ya kwao walilitoa 1976 wakaweka indigent person, na Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo inatumia hilo hilo indigent, mi natafsiri "mtu asiye na uwezo".

Sehemu ya kuwa makini zaidi ni kwenye maombi ya dhamana ya gharama, yaani mdaiwa anaomba mdai aweke hela kwanza isije akashindwa kesi afu akakosa ya kulipa gharama. Hapo wakili wa upande wa pili ataandika impecunious plaintiff na anaitumia kama silaha. Kwa mtu binafsi msimamo wa tangu Uingereza, kesi ya Cowell v Taylor ya 1885, ni kwamba umaskini peke yake haumzuii mtu kudai haki yake, ila kampuni ikiwa haina kitu inaweza kuamriwa iweke dhamana. Ukiandika "kampuni imefilisika" hapo umeshaiua kampuni ya watu kwenye karatasi, andika "haina uwezo wa kulipa gharama" na kama huna uhakika nyanyuka umuulize wakili aliyeandika, dakika mbili tu hizo.