Barua kwa mwanangu: Uwapeleke watoto City Park kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi sana kusikia kwamba mtakuja nyote mwezi wa Oktoba, wakati ambapo miti ya huko Toronto itakuwa ikipukutisha majani. Umeniuliza kama mahali mlipochezea utotoni bado papo, na kama uwapeleke watoto wakapaone au ni heri upaache pabaki kama unavyopakumbuka. Jibu langu ni kwamba uwapeleke. Ila usifuate ramani iliyomo kichwani mwako, kwa sababu jiji hili la Nairobi limegeuza mambo: pengi tulipowaachia mcheze bila wasiwasi hapapo tena, na pale tulipowakataza kukanyaga ndipo leo watoto wanapoendesha baiskeli.

Nianze na yale yaliyokwisha, usije ukayagundua mbele ya watoto. Nyumba tuliyoishi Ngara ilibomolewa, na mahali pake pamejengwa maghorofa. Uwanja mliochezea bano na kati, pamoja na uchochoro mliojificha wakati wa brikicho hadi baba yenu, Mungu amrehemu, alipotoka kuwaita, sasa ni maegesho ya magari, na ule mpera wa nyuma ya jikoni ulikatwa hata kabla ya nyumba yenyewe. Sikushauri ushuke kwenye gari kutafuta ulipokuwa. Waonyeshe watoto barabara mliyokuwa mkiifuata kwenda shule, kisha mwendelee na safari.

Bustani ya City Park ndipo pa kuanzia. Mtaifuata ile Forest Road, ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Profesa Wangari Maathai, kisha mtapanda Limuru Road kama mlivyokuwa mkipanda kwa miguu Jumapili baada ya chakula. Kima wangalipo, na bado wanashuka mitini pindi wanaposikia mfuko ukichakarishwa. Najua watoto watataka kuwapa ndizi, kwa kuwa wewe mwenyewe umewasimulia ulivyowapa, lakini nakuomba uwakataze: kima aliyezoea kulishwa humnyang'anya mtoto mfuko mkononi, na asipopewa hukasirika. Wawatazame tu. Wakitulia chini ya miti kwa muda, watawaona kima wakibeba watoto wao tumboni, na hilo halihitaji ndizi.

Kuna jambo jingine pale ambalo nyinyi mlikuwa mkilipita mbio, nami natamani watoto wako wasimame. Katika makaburi ya City Park amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi tarehe 24 Februari 1965 nje ya nyumba yake, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Karibu naye, kwa ombi lake mwenyewe, amezikwa rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii na kufariki mwaka 1990, na kaburi lake limezungukwa na sanamu za wachongaji wa Kiafrika, kwa kuwa alizipenda kazi zao na kuzikusanya maisha yake yote. Mjukuu wangu mkubwa amefikia umri wa kuuliza kwa nini mtu aliyepanda cheo hivyo alitaka kulala karibu na rafiki yake badala ya mahali pa fahari. Mjibu taratibu. Mwambie pia kwamba bustani yenyewe nusura iishe, maana vipande vya ardhi yake vilikwisha kugawiwa watu binafsi kabla ya kutangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2009. Wakazi waliopiga kelele ndio waliosababisha leo uwe na mahali pa kumleta.

Mto Nairobi sitauongelea sana, kwa kuwa unanisikitisha. Hata hivyo, ukingo ulio karibu na mzunguko wa Globe ulisafishwa na kupandwa miti wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, na bustani hiyo sasa ina jina lake. Mnaweza kupita hapo mkielekea mjini.

Sasa nije kwenye Karura. Unakumbuka tulivyokukataza wewe na dada yako hata kuutaja msitu ule, kwa sababu watu walikuwa wakiibiwa na kuumizwa ndani yake. Katika miaka hiyohiyo sehemu zake zilikuwa zikigawiwa wajenzi, hadi tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake wakapigwa kwa sababu ya kwenda kupanda miti. Ukuta wa hofu ulibomoka polepole: uzio wa umeme ukajengwa, wakazi wakashirikiana na Shirika la Misitu kuuangalia, na leo mama anaweza kumtembeza mwanawe humo mchana kutwa. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango yanayosemekana kuwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, na kuna mbega waliohamishiwa humo kuanzia mwaka 2014. Kwa hiyo hutakuwa unarudi Karura. Utaingia kwa mara ya kwanza pamoja na watoto wako, na kwangu hilo ni jema kuliko kuwasimulia tu ya zamani.

Kuhusu hali ya hewa, Oktoba ndipo mvua za vuli zinapoanza, na mara nyingi hunyesha alasiri au usiku, basi tokeni asubuhi. Jakaranda zitakuwa zimechanua na maua yatakuwa yametapakaa njiani. Wafundishe kuyapuliza mpaka yapasuke, kama mlivyokuwa mkifanya. Mkifika kabla ya tarehe 10 Oktoba mtaikuta Siku ya Mazingira, ambayo ni sikukuu ya kitaifa siku hizi, nami nitakuwa nimetafuta miche ya kupanda nao.

City Park nitafuatana nanyi. Karura mtakwenda na dada yako, kwa kuwa mteremko wa kufikia maporomoko hauyafai magoti yangu, naye anazijua njia zake vizuri. Waletee watoto viatu vya kukanyagia tope, viwili viwili kama nafasi ya mizigo itaruhusu, maana udongo mwekundu wa huku haukauki upesi wakati wa vuli. Niarifu pia tarehe mtakayotua, ili nimwambie dada yako aombe likizo mapema.

Nakupenda, nawapenda wote.

Mama yako,
Nairobi