Kabla Hujalaumu Rangi

Mtu akiniletea slaidi ambayo viini vya seli vimefifia, siulizi kwanza habari ya hematoksilini, rangi inayotia viini. Nauliza tishu ilikaa kwa muda gani kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, na kipande kilikuwa na unene gani. Slaidi nyingi mbovu nilizokutana nazo maabara ziliharibika zamani, kabla rangi haijazigusa.

Formalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa au chini ya hapo, na ikishapenya huhitaji muda zaidi wa kuzikamata protini. Kata vipande visivyozidi milimita 4. Tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kudhibiti asidi), ujazo wake uwe angalau mara 10 ya tishu. Kipande kinene kilichosongwa kwenye kopo dogo huiva nje, ndani kikabaki kibichi, na ule ubichi ndio utakaochanika kwenye mikrotomu, mashine ya kukata tishu vipande vyembamba sana.

Kwenye mikrotomu kinachotakiwa ni mikono iliyotulia. Poza bloku, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta, kwenye barafu, uso wa tishu ukiwa chini, ila usiisahau hapo, maana nta hupasuka. Weka unene wa maikromita 3 hadi 5, kisha zungusha gurudumu kwa mwendo mmoja. Rundo la bloku linatisha, najua, lakini haraka huzaa mikato minene na myembamba kwa zamu. Ukiona mikwaruzo inayokatiza mkato kutoka kwenye makali, sogeza wembe hadi sehemu mpya. Huenda pia kuna kalsiamu ndani ya tishu. Mistari ikienda sambamba na makali, kuna kitu kimelegea, au tishu imekauka kupita kiasi. Kaza kila skrubu kabla ya kugusa kingine chochote.

Maji ya beseni la kuelezea mikato yawe nyuzi 5 hadi 10 chini ya kiwango cha kuyeyuka kwa nta. Safisha uso wake kila unapomaliza bloku. Hapa sina mzaha: kipande kidogo cha tishu ya mgonjwa mmoja ukinasa kwenye slaidi ya mwingine, majibu yanaweza kupotoka kabisa.

Sasa rangi. Nta isipotoka yote kwenye zailini, kimiminika cha kuiyeyusha, utaona mabaka yasiyoshika rangi. Baada ya hematoksilini ya Harris, chovya kwenye alkoholi yenye asidi kwa sekunde chache tu, suuza, kisha tia kwenye maji yenye ualkali kidogo hadi viini vigeuke buluu. Chungulia kwa hadubini hapo hapo, kwa sababu eosini, rangi ya pili ya waridi, ikishaingia ni vigumu kurekebisha. Eosini yenyewe hutoka kwenye maji na alkoholi hafifu, basi usiicheleweshe slaidi humo.

Slaidi ikiwa na ukungu mweupe kwenye zailini, kuna maji yamebaki. Irudishe kwenye alkoholi ya asilimia 100 iliyo mpya, halafu zailini mpya, ndipo uifunike kwa kioo.