Mwananchi Asiwe Tarishi wa Serikali

Msomaji mmoja, ofisa mchanga wa ustawi wa jamii, ameniandikia akiuliza afanye nini pale mwombaji anapozungushwa ofisi hadi ofisi, ilhali kila ofisi inafuata taratibu zake sawasawa. Swali hili nimelipigania kazini kwa miaka mingi, na nilibezwa na wakubwa waliodhani natafuta cheo, sijasahau.

Nilishughulikia mafao ya warithi. Mjane alitakiwa kuleta cheti cha kifo kutoka kwa msajili, uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na uthibitisho wa utumishi kutoka kwa mwajiri. Jina la marehemu likitofautiana kwa herufi moja tu kati ya cheti na orodha ya mishahara, mama huyo alirudishwa mwanzo, akabeba nakala zilezile zenye mihuri kutoka dirisha hili hadi lile, kana kwamba yeye ndiye tarishi wetu. Kila ofisa alikuwa ametimiza wajibu wake, lakini hakuna aliyewajibika kwa ombi zima.

Mgawanyiko huu una chanzo. Tangu miaka ya 1980 serikali kadhaa zilihamishia kazi za wizara kwenye wakala zenye malengo na bajeti zao, na Uingereza ilizindua mpango wake wa aina hiyo mwaka 1988. Mkuu anayepimwa kwa takwimu za ofisi yake hana sababu ya kuhangaikia kinachokwama kwa jirani. Norway iliamua kuunganisha ofisi: kuanzia mwaka 2006 huduma za ajira, bima ya taifa na msaada wa jamii ziliwekwa chini ya NAV, taasisi moja ya pamoja. Estonia iliziacha taasisi zake zilivyo, ila tangu mwaka 2001 mifumo yao inasomana kupitia X-Road, njia ya kielektroniki ya kubadilishana taarifa. Mimi naiamini zaidi njia ya pili, kwa kuwa kubadili kibao cha mlangoni hakuondoi kuta za ndani.

Basi, ndugu yangu, chukua faili moja ulifuate meza kwa meza, ukiandika tarehe lilipopokelewa na lilipotoka. Jedwali la namna hiyo ndilo lililowanyamazisha walionibeza, maana lilionyesha kwamba muda mwingi faili lilikuwa likisubiri barua, si likifanyiwa kazi. Baada ya hapo msajili alikubali kwa maandishi kututumia uthibitisho moja kwa moja, na ninajivunia hilo hadi leo. Usingoje mfumo mpya wa kompyuta. Dai makubaliano ya maandishi, dai ofisa mmoja anayetajwa kwa jina kwenye kila ombi hadi litakapokamilika, na ukiwa wewe ndiye uliyelipokea, anza kwa kuandika jina lako.