Hisia na hesabu katika posti moja: kwa wanaoanza kazi ya maudhui ya biashara Dodoma

Ukikabidhiwa simu ya biashara na kuambiwa "kuanzia leo kurasa zote ni zako", usikimbilie kupiga picha. Kaa dukani siku tatu nne na daftari. Andika kila swali ambalo mteja anauliza kabla hajatoa hela, na liandike kwa maneno yake mwenyewe, usilinyooshe. Kisha fungua meseji za WhatsApp za miezi mitatu iliyopita ufanye vivyo hivyo. Kwa muuzaji wa mafuta ya alizeti daftari litajaa upesi: "Haya hayajachakachuliwa?" "Mbona mengine nikikaangia yanatoa povu?" "Lita tano shilingi ngapi?" "Niko Mtumba, mnaleta?" "Ni ya Singida au ya hapa Kibaigwa?" Ukipanga maswali arobaini utakuta yanajirudia, na ya msingi hayazidi manane. Hayo manane ndiyo kazi yako ya miezi miwili ijayo.

Wanaoanza wengi huambiwa kuna maudhui ya kugusa moyo na maudhui ya kuelimisha, basi wanayagawa kwa siku: Jumatatu moyo, Alhamisi elimu. Kazi huharibikia hapo. Mtu anayeperuzi simu ndani ya daladala ya Nzuguni hataisubiri Alhamisi yako. Hisia ndiyo inayomfanya asimamishe kidole, lakini hisia hiyo hiyo inamzalia shaka, na shaka isipojibiwa pale pale anapita. Ukimgusa mama kwa hofu ya mafuta yaliyochakachuliwa, halafu hoja yako ikawa "wiki hii tuna punguzo", umemwongezea hofu bila kumpa jibu, na punguzo lenyewe litamtia wasiwasi zaidi. Hoja lazima ijibu hisia uliyoiamsha, ndani ya posti hiyo hiyo.

Tazama posti ya aina hii, ambayo utaikuta kila kona: "Jipatie mafuta bora ya alizeti kwa afya ya familia yako. Karibuni sana. Bei DM." Hakuna mtu ndani yake. Neno "bora" kila muuzaji analo, "afya" haijathibitishwa kwa lolote, na kuficha bei kunamfanya mteja ahisi utampandishia ukimwona ana uwezo. Wengi hawaulizi kabisa. Sasa soma hii, bei zikiwa za mfano tu:

"Umenunua mafuta, umetia muhogo, sufuria imejaa povu na jiko zima ni moshi. Mara nyingi ni mafuta yaliyojazwa kwenye dumu siku ile ile yalipokamuliwa, bado yana machicha na unyevu. Yetu yanatulia siku tano kwenye tangi, yanachujwa mara mbili, ndipo yanajazwa. Lita 5 ni sh. 28,000. Lita 20 ni sh. 100,000. Njoo dukani Majengo asubuhi, tunakaanga mbele yako uone kabla hujalipa."

Sentensi ya kwanza ni jikoni kwa mteja. Imetoka kwenye swali la daftari, ndiyo maana anajiona. Ya pili inampa sababu, naye anapumua kwa kujua kwamba kosa halikuwa lake. Ya tatu ina namba mbili anazoweza kuja kuzihakiki. Bei zipo wazi. Mwisho kuna jambo moja tu la kufanya. Ukimwambia apige simu, atume meseji, afuate ukurasa na amwambie rafiki, hatafanya hata moja.

Kabla hujaandika "siku tano", nenda kwenye mashine ya kukamulia ukaone kama kweli ni tano. Muulize fundi, angalia tangi, angalia kitambaa cha kuchujia. Ukikuta ni mbili, andika mbili. Na usiahidi kwamba hakutakuwa na povu kabisa: mafuta ya alizeti ambayo hayajasafishwa kiwandani yana utomvu wake wa asili, na kutulia na kuchuja hupunguza povu bila kulimaliza. Mteja aliyeambiwa "litapungua" akaona limepungua atarudi. Aliyeambiwa "hakuna povu" akaliona, atakuandikia hadharani chini ya posti yako, na atakuwa na haki.

Upande wa hesabu una utajiri ambao wengi hawaugusi. Kwa bei zile za mfano, dumu la lita 5 ni sh. 5,600 kwa lita, la lita 20 ni sh. 5,000. Mwambie mama ntilie hivyo na bado hatasikia kitu, kwa sababu yeye hahesabu kwa lita, anahesabu kwa siku. Kama anatumia lita moja na nusu kwa siku, dumu kubwa linampeleka kama siku 13 na linamwachia sh. 900 kila siku kulinganisha na kununua la lita 5. Hiyo 900 ndiyo ya kuandika. Kwa mwenye familia ya watu wanne hesabu ni nyingine, na pengine dumu kubwa halimfai kabisa. Mwambie hivyo hivyo.

Kuna jambo la mizani pia. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban gramu 920, kwa hiyo lita 20 zina kama kilo 18.4 bila dumu. Mteja akipima nyumbani akaona hazifiki kilo 20 anadhani ameibiwa. Weka dumu tupu kwenye mizani, onyesha namba, jaza kwa kipimo cha lita, onyesha namba tena. Video ya sekunde 40, bila muziki. Kwa macho ni hesabu tupu, lakini inatuliza woga wa kupunjwa ambao kila mnunuzi wa sokoni anao.

Kuhusu hisia zenyewe, hofu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayoharibu zaidi. Ukiitumia kila wiki, wateja wataanza kuogopa mafuta yote, na yako yamo. Iguse mara moja moja, na pale tu unapokuwa na jibu linaloonekana. Usivuke kwenda kwenye magonjwa. Ukiandika kwamba asali ya Manyoni au unga wa ubuyu "unatibu kisukari", umeugeuza chakula kuwa dawa kwa mdomo wako, na madai ya dawa ni eneo la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Alama ya TBS itaje kama mnayo, ukaionyeshe kwenye lebo kwa karibu. Kama hamna, nyamaza, msiweke picha ya nembo kwa mbali.

Huruma ni mtego mwingine, hasa kwa bidhaa za kwetu. Wapo wanaouza zabibu kwa picha ya mkulima aliyekunja uso kwenye vumbi. Mteja ananunua mara moja kama sadaka, na mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anadhalilishwa katika jambo ambalo yeye ni bingwa wake. Mwonyeshe akipogoa mzabibu na mkasi mkononi, akieleza kwa nini anaacha macho kadhaa tu ya kuchipua kwenye tawi, au kwa nini anachuma alfajiri kabla jua halijapasha vichala. Hapo kuna fahari na kuna hoja ya ubora kwa pamoja, wala hujalazimika kusema neno "bora".

Hisia ya nyumbani nayo ina nguvu sana katika mji huu ambao watu wengi wamehamia. Aliyekulia Mpwapwa au Bahi ukimwonyesha mlenda wa karanga na ugali wa uwele, ukaanza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, atasimama. Mgeni aliyekuja na wizara hatasimama hapo. Yeye atasimama kwenye swali la zawadi gani apeleke nyumbani akishuka Dar kwa treni ya SGR. Kwake onyesha kifungashio kisichovuja kwenye begi, uzito wake, na muda kinaokaa bila kuharibika. Kwa hiyo usiandike posti moja ya "wakazi wote wa Dodoma". Chagua mtu mmoja.

Majira yana maana kubwa kuliko saa ya kuposti. Wiki ya mwisho ya mwezi watumishi wana mshahara, basi dumu kubwa liongelewe wakati huo. Katikati ya mwezi ongelea lita moja na nusu lita. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili na kuendelea hadi mwishoni mwa Juni, na wenye nyumba za wageni na migahawa wanahitaji posti zao zianze Machi. Baada ya mavuno wakulima wana fedha. Nanenane, tarehe 8 Agosti, viwanja vya Nzuguni hujaa watu wanaopenda kuonja na kuuliza, kwa hiyo nenda na daftari lako tena.

Picha: jua la Dodoma saa sita mchana linachoma rangi yote. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na futa lenzi na chupa kwanza, vumbi halikosi. Upepo wa kiangazi unaua sauti; rekodi ndani, au simama nyuma ya ukuta. Kwa mafuta, simamisha karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa, mwanga utokee nyuma yake, uone kama herufi zinasomeka kupitia mafuta. Mteja ataelewa bila kuelezwa. Ila usiseme kwamba herufi kusomeka ni ushahidi kuwa hayajachanganywa; inaonyesha yametulia na kuchujwa, basi.

Ushuhuda wa mteja una thamani ukiwa na namba na kasoro ndogo ndani yake: "Dumu limenikaa wiki mbili, kifuniko kilivuja kidogo kwenye bodaboda wakanibadilishia." Usiusafishe, na usiutunge. Omba ruhusa kwa meseji, ihifadhi, ufunike jina na namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake.

Jua pia chombo unachotumia. Status ya WhatsApp hukaa saa 24 na huonekana na yule tu ambaye mmehifadhiana namba. Orodha ya kutuma meseji moja kwa watu wengi (broadcast) ina kikomo cha watu 256, na haimfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mnunuzi wa dukani aombwe kuhifadhi namba kabla hajaondoka. Hatua hii ndogo ikirukwa, maandishi mazuri yote yanasomwa na watu kumi.

Anayekuandikia akianza na "Shikamoo", itikia "Marahaba" kwanza. Anayeonekana ni mtu mzima, mtangulie wewe. Kisha jibu swali lake kwa bei na mahali katika meseji hiyo hiyo. Posti imemgusa, amekuja, halafu anajibiwa "Njoo ofisini tuongee": hapo umempoteza.

Kupima, acha kuhesabu moyo mwekundu chini ya picha. Kila anayenunua aulizwe "Umetuona wapi, na ulivutiwa na nini?" na jibu liandikwe kwenye daftari lile lile. Kila Jumamosi linganisha maswali ya wiki na yale manane ya mwanzo. Swali la povu likipungua na watu wakaanza kuuliza "mnaleta saa ngapi Ihumwa?", posti imefanya kazi yake. Likiendelea kuulizwa vile vile, usibadilishe rangi ya picha; rudi kwenye ile sentensi ya hoja uangalie kama mtu wa Chang'ombe anaweza kuihakiki kwa macho yake, na kama hawezi, andika nyingine.